Juu Taa Kumi, Chini Uchi: Mastaa na Ndinga Zao za Porini

Mjini siku hizi staa hajakamilika bila ndinga ya porini. Zamani ilikuwa cheni nzito ya shingoni. Baadaye ikawa mjengo wa Masaki, ambao mwenye mjengo hasa alikuwa pembeni anasubiri kodi yake ya miezi sita. Sasa hivi ni gari la juu. Springi zimenyanyuliwa, rangi ni nyeusi isiyong'aa, tairi zina meno kama mamba, juu ya paa kuna kichanja cha mizigo ambacho hakijawahi kubeba hata mkungu wa ndizi, na taa zimepangwa safu nzima juu ya kioo kama uwanja wa mpira. Ijumaa jioni picha inatupiwa. Maneno ni yaleyale: "Porini kunaniita." Laiki zinamiminika, komenti za moto zinashuka, na mashabiki wanauliza gari limetengenezewa wapi.

Jina la staa huyo kila msomaji aweke lake. Wapo wa kutosha: wa muziki, wa filamu, wachekeshaji, na wale ambao kazi yao haijulikani ila wanakula bata kuliko wote.

Kuna swali moja ambalo katika komenti zote hizo huwa halionekani. Chini kuna nini?

Kwa ndinga nyingi za aina hii, jibu ni hakuna. Au kuna lile bati la plastiki nyeusi lililotoka na gari kiwandani, nalo limeshikiliwa na bolti mbili na waya, kwa sababu kila linapofunguliwa kumwaga oili, bolti sita zinatoka na tatu zinarudi. Plastiki ile kazi yake ni kuzuia tope na vumbi. Jiwe hailizuii. Kwa hiyo gari la mamilioni, lenye taa za kumulika mpaka kijiji cha pili, linakwenda porini tumbo likiwa wazi.

Hoja hapa ni fupi: gari la porini hupimwa uvunguni, na staa anayeuza picha ya porini bila kulinda uvungu anawauzia mashabiki wake hatari iliyopakwa rangi.

MIKUMI YA PICHA NA MIKUMI YENYEWE

Watu wa Dar wakisikia Mikumi wanawaza hifadhi tu. Mikumi ni mji pia, na upo ndani ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Hifadhi ya Taifa Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya lami ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inaipasua katikati kwa kilomita kama 50. Ndiyo maana kila mtu ana picha ya twiga wa Mikumi, hata yule aliyepita na basi akiwa anakwenda msibani Njombe.

Hapa tusidanganyane. Gari linalotembea kwenye lami mpaka getini, likazunguka njia kuu za hifadhi wakati wa kiangazi, likawaona viboko na kurudi hotelini, halihitaji bati zito la chini. Likienda taratibu na dereva akiwa macho barabarani, linarudi salama. Mtu wa safari hiyo asikubali kuuziwa chuma kwa sababu ya mkumbo.

Shida inaanza staa anapotaka picha ambayo wengine hawana. Anataka tambarare ya Mkata wakati wa masika, nyasi zikiwa kijani na mawingu yakiwa mazito, maana picha inatoka kali. Udongo wa kule ni ule mweusi wa mbuga. Ukikauka unapasuka na kuwa mgumu kama tofali, ukilowa unakuwa kama ugali uliozidi maji. Njia inabaki mistari miwili ya matairi na mgongo wa udongo katikati, na mgongo huo ndio unaokutana na tumbo la gari. Ndani ya udongo kuna visiki na mawe ambayo kamera haiyaoni.

Halafu kuna wale wanaotaka kutoka Mikumi kwenda Kilosa mjini kwa njia ya ndani, kilomita 70 na ushee. Lami ilianza upande mwingine, ikasogea kipande kwa kipande kutoka Dumila kupitia Ludewa hadi Kilosa. Kipande cha Kilosa na Mikumi kilibaki nyuma kwa muda mrefu, na wenyeji wanajua mvua ikinyesha siku mbili njia hubadilika tabia. Njiani kuna sehemu inaitwa Ulaya. Kweli kabisa, Ulaya. Mastaa wanaopenda kuposti "nipo Ulaya" wangeweza kufika huko bila viza, mradi injini ivumilie.

Na Kilosa ni nchi ya maji. Mto Mkondoa unapita pale mjini. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulivunja kingo, maelfu ya watu wakakosa makazi na Reli ya Kati ikakatika. Maji yenye nguvu ya kuondoka na reli hayashindwi kubeba jiwe la ukubwa wa sufuria ya pilau, yakaliacha katikati ya njia na kulifunika kwa tope. Mwezi unaofuata anakuja staa wa Sinza, muziki juu, anaona tope tu.

NGO! HALAFU KIMYA

Chini kabisa ya injini kuna sampu. Ni beseni la oili. Kwenye magari mengi limetengenezwa kwa bati jembamba au kwa alumini, na ndani yake kuna lita tano, sita, saba za oili ambazo pampu inazinyonya na kuzizungusha ili vyuma visisagane. Nyuma yake kuna giaboksi, halafu difu, na mahali fulani pembeni kuna tanki la mafuta na mabomba ya breki. Vitu vyote vya kumrudisha mtu nyumbani vimepangwa huko chini, mahali ambapo hakuna anayepiga picha.

Jiwe likigonga sampu, sauti ni moja tu: ngo! Muziki ukiwa juu, haisikiki. Oili inaanza kuchuruzika. Baada ya muda kwenye dashibodi inawaka taa nyekundu yenye picha kama ya birika. Aliyeandaa gari kwa ajili ya safari anazima injini palepale, sekunde hiyohiyo, na anaweza kuokoka na hasara ya kuziba sampu na kununua oili. Aliyeandaa gari kwa ajili ya picha anasema, "Ngoja tufike pale kwenye mti." Kufika kwenye mti, vyuma vimesagana vikiwa vikavu, injini imekamata. Kinachofuata ni kutafuta injini nyingine.

Na hapo yupo wapi? Kama ni ndani ya hifadhi, haruhusiwi kushuka na kuzurura, maana wenyeji wa pale wana meno. Geti linafungwa jioni. Anabaki amekaa ndani ya gari la mamilioni akisubiri askari wa hifadhi, simu ina chaji kidogo, na taa kumi za juu ya kioo zinamulika nyasi. Kama ni njia ya Kilosa, atasukumwa na vijana wa kijiji ambao hawajawahi kusikia wimbo wake, halafu atafute gari la kumvuta mpaka Mikumi au Morogoro. Ukiuliza bima, wengi wana ile ndogo, ambayo inamlipa aliyegongwa tu. Injini yake ni juu yake.

BATI LIPI SASA?

Kinachozuia balaa lote hilo ni sahani ya chuma inayofungwa chini ya injini, ambayo mafundi wengi wanaiita sampu gadi. Ndiyo imekosekana kwenye posti zote. Lakini kununua gadi nako kuna usanii wake, na wapo mastaa waliofunga na bado wakaumia.

Kwanza ni malighafi. Chuma cha milimita tatu au nne ni kizito, kinashika kutu, ila kikipigwa kinapinda na fundi wa Mikumi mjini anakinyoosha kwa nyundo. Alumini ni nyepesi, kwa hiyo hukatwa nene zaidi, milimita tano au sita. Haishiki kutu nyekundu kama chuma, na haimlemei mtu anayebeba familia na mizigo. Tatizo lake, kwenye mawe makali huwa inachimbika na kung'ang'ania badala ya kuteleza, na ikipasuka si kila gereji ya njiani inaweza kuichomelea. Kwa mtu wa Kilosa na Mikumi, ambako adui mkubwa ni mgongo wa njia, visiki na jiwe moja moja, zote mbili zinafaa. Anayekwenda mbali na mafundi atapenda chuma. Anayeogopa uzito atapenda alumini.

Uzito nao si mchezo. Seti nzima ya chuma, kuanzia mbele mpaka kwenye tanki, inaweza kuongeza makumi ya kilo. Ukijumlisha bampa la chuma, kichanja, taa, tairi nzito na marafiki wanne walioshiba, springi za mbele zinachoka na gari linakaa chini kuliko lilivyokuwa kabla ya "kunyanyuliwa". Ndiyo maana mwenye akili anaanza na sehemu mbili: sampu na giaboksi. Mengine yafuate kama safari zake zinahitaji.

Halafu kuna lile bati la maua, lenye vinundu kama la ngazi za basi. Mastaa wanalipenda kwa sababu linang'aa. Likifungwa vinundu vikiwa chini, kila kinundu ni kucha ya kushikia jiwe. Upande laini ndio unaotakiwa kuangalia ardhi, ili gari likigusa liteleze na kupita. Kwa maneno mengine, upande mzuri unakaa ndani, ambako hauonekani. Hapo ndipo utamjua anayefunga kwa ajili ya safari na anayefunga kwa ajili ya laiki.

Na wenye Harrier wasijifiche. "Tako la nyani" na "Anaconda" zinapanda sana Mikumi kila sikukuu. Magari haya hayana chesisi kama ya Hilux au Land Cruiser. Bodi na mifupa ni kitu kimoja. Gadi yake inabidi iwe imekatwa kwa ajili ya modeli ileile na ifungwe kwenye fremu ndogo inayobeba injini, si kwenye bati lolote fundi atakaloona linashika bolti. Pia lazima isemwe wazi: gadi hailinyanyui gari. Inalishusha kidogo, kwa unene wake na nafasi inayoachwa juu yake. Harrier yenye gadi ni Harrier iliyolindwa. Haijawa Land Cruiser.

KUFUNGA NDIYO MTIHANI

Bati zuri likifungwa vibaya ni bora lisingekuwepo. Kosa la kwanza ni kulifunga kwenye bolti za sampu yenyewe. Jiwe likipiga gadi, nguvu yote inakwenda kwenye sampu, kitu kilekile kilichokuwa kinalindwa. Gadi inafungwa kwenye chesisi, kwenye matundu yaliyotoka kiwandani, ili kishindo kibebwe na mfupa wa gari. Kati ya gadi na sampu lazima ibaki nafasi ya sentimita mbili tatu, kwa sababu chuma kikipigwa kinapinda kuelekea ndani. Bila nafasi hiyo, gadi yenyewe ndiyo itakayotoboa sampu.

Kosa la pili ni bolti. Kichwa cha bolti kikining'inia chini ya bati, jiwe la kwanza linakikata, na la pili linakuta gadi inayumba. Vichwa vinatakiwa kuzama kwenye bati au kukaa kwenye kijishimo. Na bolti ziwe ngumu kweli, zile zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani. Za duka la mageti ziache zifunge mageti. Nyuzi zipakwe grisi, la sivyo baada ya masika moja kutu itazikamata na fundi ataishia kuzikata na jiwe la umeme.

Kosa la tatu ni mpangilio. Kama kuna bati mbili zinazofuatana, ukingo wa nyuma wa bati la mbele unatakiwa uwe chini ya ukingo wa mbele wa bati linalofuata. Ni kama vigae vya paa, mwenda mbele anateleza bila kukwama. Ukigeuza, gari linakuwa na kijiko. Linapokwenda mbele linachota mawe na mizizi, na siku moja kijiko kitashika kitu kisichong'oka. Ukingo wa mbele kabisa nao ukunjwe kwenda juu, kama ncha ya mtumbwi.

Kosa la nne ni kusahau kwamba gari lina maisha mengine zaidi ya picha. Gadi isiyo na tundu la kumwagia oili na la kubadilishia filta itamlazimisha fundi kuifungua yote kila mara, na hapo ndipo bolti zinapoanza kupotea. Isiyo na matundu ya hewa inafungia joto na maji. Na baada ya kilomita mia mbili tatu za barabara yenye mikunjo kama bati la kuezekea, bolti zote zikazwe upya, kwa sababu mtetemo unazilegeza moja baada ya nyingine. Mlio wa "kwa-kwa-kwa" uvunguni ni gadi inaomba spana. Kuongeza sauti ya muziki si matengenezo.

Halafu kuna nyasi, na hapa utani uwekwe pembeni. Mikumi wakati wa kiangazi ni nyasi kavu kila upande. Gari likipita kwenye nyasi ndefu, mabua na mbegu zinaingia na kujikusanya juu ya gadi, karibu kabisa na bomba la moshi, ambalo likiwa limetembea muda mrefu lina joto la kuwasha moto. Magari yameungua kwa namna hii sehemu nyingi duniani zenye nyasi ndefu. Moto ukianza uvunguni katikati ya hifadhi, gari linakuwa ndiyo hasara ndogo. Aliyefunga gadi, kila anaposimama mahali panaporuhusiwa kushuka, anainama, anachungulia, anatoa nyasi. Na kizimamoto kinakaa mahali ambapo mkono unafika. Chini ya mabegi ya nguo za kupigia picha hakimsaidii mtu.

"SI HELA YAKE, NYIE INAWAUMA NINI?"

Komenti ya kwanza chini ya makala ya aina hii inajulikana tayari. Gari lake, hela yake, injini yake, wivu wenu. Ni kweli staa akiua injini yake mwenyewe akiwa peke yake, hilo ni lake na fundi wake. Ila huwa hayuko peke yake.

Yupo dereva. Mastaa wengi wa ndinga hizi hawaendeshi umbali mrefu, wanaendeshwa. Dereva mara nyingi ni mtu mzima anayejua barabara, na siku ya safari ndiye anayeinama kuchungulia chini. Anasema, "Bosi, huku chini hatuna kitu, na kule mvua imenyesha." Anajibiwa, "Mzee, we endesha tu, watu wanasubiri video." Injini ikikamata, nani anaambiwa hakuwa makini? Nani anakatwa mshahara? Kwenye posti ya Ijumaa hakutajwa. Kwenye lawama za Jumatatu ni wa kwanza.

Wapo abiria. Mpiga picha, mpambaji, mdogo wake staa, shemeji aliyeomba lifti. Hao hawakuchagua taa badala ya gadi.

Na wapo mashabiki, ambao ndio wengi. Kijana wa Tabata mwenye IST ya mkopo haangalii kitabu cha gari, anaangalia ukurasa wa staa wake. Akiona gari la porini maana yake ni taa na stika, naye atafunga taa na stika, atachanga mafuta na washikaji watatu, atakwenda mpaka njia ya Kilosa baada ya mvua. Tofauti ni kwamba staa akiharibikiwa anapata kiki na pole elfu kumi. Kijana wa IST anapata deni.

Kuna jambo jingine ambalo mastaa hawapendi liguswe. Baadhi ya hizo taa, rangi na vichanja hufungwa bure au kwa bei ya kishkaji ili staa aposti jina la gereji. Hiyo ni biashara, hakuna ubaya. Lakini kama mtu anapewa vitu kwa sababu watu wanamsikiliza, basi ana wajibu wa kuwaambia watu kitu kizima. Fundi anayempa staa taa za bure angeombwa pia sampu gadi. Kwenye magari mengi, hela ya safu ya taa za mapambo inakaribia kabisa kununua bati la maana na bolti zake. Haiombwi kwa sababu haionekani.

WAZEE WA SAFARI WALIJUA

Hili la kulinda uvungu si ujanja mpya uliotoka mtandaoni. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, Safari Rally, yalianza mwaka 1953, na miaka ile ya mwanzo yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope la kweli. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari la mviringo ambalo leo staa asingekubali hata kupiga nalo selfi. Halikuwa refu. Halikuwa la kifahari, na lilikuwa limeshatumika kabla halijafika mikononi mwao. Waliokimbia njia zile walijua kwamba mwenye kasi hashindi kama sampu imebaki kwenye jiwe la nyuma. Mpaka leo, Safari ikikimbiwa kule Naivasha, moja ya vitu vinavyokaguliwa gari likirudi kwa mafundi ni bati la chini: limepinda wapi, limechanika wapi. Mikwaruzo ile ni ushahidi kwamba gari limefanya kazi.

Madereva wa magari ya watalii pale Mikumi nao hawahitaji somo hili. Waangalie asubuhi kabla ya kuingia getini. Hawapigi picha magari yao. Wanainama, wanagonga bati kwa kiganja, wanasikiliza, wanaondoka. Wengi hawana hata taa moja ya ziada. Jioni wanarudi wakiwa na wageni wao wote, na kesho wanaingia tena.

Kwa hiyo mashabiki wabadilishe swali. Badala ya "gari limetengenezewa wapi", waulize "chini umefunga nini". Staa akijibu kwa picha ya taa, majibu yamepatikana. Akijibu kwa video akiwa amelala chali chini ya gari lake, vumbi mgongoni, anaonyesha bolti ziko kwenye chesisi na tundu la oili liko wapi, huyo apewe maua yake, na gereji yake itajwe kwa sauti. Video hiyo moja itaokoa injini nyingi kuliko posti mia za "porini kunaniita".

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa gani wa Bongo mnaamini ana gadi ya kweli chini ya ndinga yake, na yupi ana plastiki na waya? Majina yashushwe hapo chini, matusi yaachwe nyumbani. Na aliyewahi kupita njia ya Kilosa na Mikumi masika hii aseme imekaaje, kuna watu wanajiandaa na safari ya wikiendi.